Bwana Singer na Cherahani ya Mama

Mtu yeyote aliyelelewa katika Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, alilijua jina la Singer kabla ya kujua kusoma. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mkono mweusi wa cherahani, kisha likarudiwa kwa chuma baina ya miguu yake, hata sisi watoto tuliokaa chini tukichezea vipande vya nguo tukilipapasa kwa vidole. Mimi nilidhani hilo ndilo jina la chombo chenyewe, kama vile kinu ni kinu na mbuzi ya kukunia nazi ni mbuzi. Sikujua kwamba Singer alikuwa mtu, tena mtu wa mambo mengi, mema na maovu, mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto wangu.

Ninayo sababu ya kumwandika. Cherahani iliingia nyumbani kwetu mara mbili. Mara ya kwanza iliingia kwa furaha ikatoka kwa machozi, na mara ya pili ikaingia ikakaa. Kwa miaka mingi nilimlaumu mwenye jina lile kwa machozi yale. Nilipokuja kuyasoma maisha yake nikaona kwamba lawama yangu ilikuwa imepita mlango na kubisha nyumba ya jirani. Ndugu msomaji, tuanze mwanzo.

Mtoto wa fundi wa magurudumu

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1811 katika jimbo la New York, huko Marekani. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani, naye Isaac alikuwa kitinda mimba katika watoto wanane. Alipokuwa na umri wa miaka 10 wazazi wake waliachana. Mtoto hakuipenda hali aliyoikuta nyumbani baada ya hapo, na alipofika miaka 12 alitoka akaenda kujitafutia. Chuoni hakusoma sana, na mpaka alipokufa hakuwa mtu wa kuandika vizuri. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alipofika miaka 19 alijifunza ufundi wa mashine, na mtu akimwonyesha chombo kilichoharibika alikuwa hatulii mpaka akijue kilivyo ndani.

Hata hivyo, ufundi haukuwa mapenzi yake. Singer alikuwa na mwili mrefu, sauti nzito na uso wa kupendeza, na alichotaka ni kusimama jukwaani watu wamtazame. Akafuatana na vikundi vya wachezaji waliokuwa wakizunguka mji hadi mji wakiigiza michezo, hasa ile ya Shakespeare. Kazi hiyo haikumpa riziki ya kutosha. Alikuwa akiigiza mpaka fedha zinaisha, kisha anarudi karakana kufanya kazi ya mikono, na akipata chochote anarudi tena jukwaani.

Mwaka 1839 alikuwa katika jimbo la Illinois, mahali palipokuwa pakichimbwa mfereji mkubwa wa kupitisha vyombo. Hapo akabuni mashine ya kutoboa miamba, na haki yake akaiuza kwa dola 2,000. Hizo zilikuwa fedha nyingi mno kwa zama zile. Mtu mwingine angalinunua shamba au duka. Singer aliunda kikundi chake mwenyewe cha maigizo, akajipa jina la jukwaani, na kwa muda wa miaka michache fedha zote zikayeyuka. Kikundi kikavunjika katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, naye akabaki hapo bila ya nauli.

Mwaka 1849 akapata hati ya haki ya mashine nyingine, ya kuchonga herufi za mbao na chuma kwa ajili ya wapiga chapa. Aliipeleka New York, na huko boila ya mvuke katika karakana alimokuwa amepanga ikapasuka, watu wakafa, na mashine yake ikavunjika vipande. Alikuwa karibu na miaka 40, ana watoto wengi, hana kitu. Hapo ndipo alipokutana na muuza vitabu mmoja aitwaye George Zieber, aliyeamini kwamba mashine ile ya herufi ina faida, akatoa fedha itengenezwe upya. Wawili hao wakahamia Boston, wakakodi nafasi katika karakana ya Orson Phelps. Hakuna aliyekuja kununua mashine ya herufi. Lakini kwenye karakana hiyohiyo kulikuwa na kazi nyingine ikifanyika.

Siku kumi na moja

Phelps alikuwa akitengeneza cherahani za watu wengine, na cherahani zile zilikuwa zikirudishwa kila mara kwa kuharibika. Akamwomba Singer azitazame. Yasimuliwa kwamba mwanzo Singer alicheka, akasema kwamba kushona ndiyo kazi pekee inayowanyamazisha wanawake, kwa nini tuwaondolee? Natumai mama zetu watamsamehe. Ila aliposikia ni fedha kiasi gani zaweza kupatikana, mzaha ukaisha.

Hapa yafaa tusimame tueleze jambo moja, kwa sababu watu wengi husema Singer ndiye aliyevumbua cherahani, na hivyo sivyo. Mwingereza Thomas Saint aliandikisha mashine ya kushona mwaka 1790. Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati yake mwaka 1830, akafungua karakana mjini Paris yenye cherahani 80 za kushona nguo za askari. Mwaka 1831 mafundi wa mkono, wakihofia riziki yao, waliingia kwa nguvu wakazivunja zote. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Huko New York, katika miaka ya 1830, Walter Hunt alitengeneza cherahani ya nyuzi mbili, kisha akaiacha bila ya kuiandikisha, na yasemekana aliogopa kuwanyang'anya kazi wanawake waliokuwa wakishona kwa mkono. Hunt huyu ndiye aliyebuni pini yenye kufungika, ile ambayo kina mama hufungia nepi na mitandio, na haki ya pini hiyo aliiuza kwa dola 400 apate kulipa deni la dola 15.

Kisha alikuja Elias Howe, aliyepata hati yake tarehe 10 Septemba 1846. Howe ndiye aliyeiandikisha fikira iliyo roho ya cherahani. Sindano ya mkono tundu lake liko nyuma, na sindano nzima hupita kwenye nguo kutoka upande huu hadi upande wa pili. Sindano ya cherahani tundu lake liko kwenye ncha. Hushuka na uzi wa juu mpaka chini ya nguo, na inapoanza kupanda, uzi hulegea ukafanya kitanzi. Ndani ya kitanzi hicho hupita kijidau kidogo cha chuma kilichobeba uzi wa pili. Sindano ikimaliza kupanda, nyuzi mbili huwa zimekumbatiana katikati ya nguo, na mshono umefungika. Mtu akitazama cherahani kuukuu ya kijidau ataliona jambo hili kwa macho yake.

Basi Singer alikuta nini mwaka 1850? Alikuta chombo ambacho kijidau chake kilizunguka duara na kuusokota uzi mpaka ukakatika, na sindano yake iliyopinda ilisukumwa kwa ubavu. Yeye akasema kijidau kiende na kurudi kwa mstari ulionyooka. Sindano nayo inyooke, ishuke na kupanda juu ya meza iliyolala. Uwepo mkono wa kuishika kutoka juu, uwepo mguu wa kuibana nguo isiinuke, na liwepo gurudumu la kuisogeza nguo mbele bila ya kusimama. Zieber akatoa dola 40, na kwa maelezo ya Singer mwenyewe kazi yote ilichukua siku 11.

Usiku wa siku ya mwisho waliijaribu, na mshono ukatoka umelegea. Wafanyakazi walikuwa wamechoka, wakaondoka mmoja mmoja. Singer na Zieber nao wakazima taa wakaenda zao. Njiani waliketi juu ya rundo la mbao kupumzika, na Zieber akataja kwamba vitanzi vilivyolegea vilikuwa upande wa juu wa nguo. Hapo Singer akakumbuka: hawakuukaza uzi wa sindano. Wakarudi usiku uleule, wakaurekebisha, wakashona mishono mitano mizuri, kisha uzi ukakatika. Lakini mitano ilitosha. Tarehe 12 Agosti 1851 alipewa hati nambari 8,294.

Mshonaji hodari wa mkono alikuwa akipiga mishono kama 40 kwa dakika moja. Cherahani ya Singer ilipiga 900. Na kwa kuwa iliweza kuendeshwa kwa mguu, mikono yote miwili ilibaki huru kuongoza nguo. Hesabu zilizofanywa miaka ile zilionyesha kwamba shati la mwanamume, lililochukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono, lilimalizwa kwa cherahani kwa muda wa saa moja na robo hivi.

Kesi na wakili

Howe alipokwenda Uingereza kuuza fikira yake hakufanikiwa. Alirudi New York mwaka 1849 mikono mitupu, mkewe akiwa mgonjwa wa kufa, akakuta watu wanauza cherahani zenye sindano yake na mshono wake. Akawashitaki. Singer alimpinga kwa nguvu, akamtafuta hata mzee Hunt ili aonyeshe kwamba Howe hakuwa wa kwanza. Lakini Hunt hakuwa ameandikisha chochote wakati wake, na mwaka 1854 Singer alishindwa akamlipa Howe dola 15,000.

Kila mwenye cherahani Marekani alikuwa akimshitaki mwenzake, kwa sababu mmoja alishika haki ya sindano, mwingine ya kusogeza nguo, mwingine ya mkono. Mwaka 1856 wakubwa wao walikubaliana kuziweka haki zao zote chungu kimoja. Mtu yeyote aliyetaka kutengeneza cherahani alilipa dola 15 kwa kila moja, na Howe akapata dola 5 katika hizo. Howe aliyekuwa hana nauli alitajirika, ingawa hakuufaidi utajiri huo siku nyingi, kwani alikufa mwaka 1867 na umri wa miaka 48.

Katika kesi hizi Singer alihitaji wakili, wala hakuwa na fedha za kumlipa. Basi wakili akalipwa kwa sehemu ya kampuni. Jina lake Edward Clark. Watu hawa wawili walikuwa kama mafuta na maji. Singer alikuwa mtu wa kelele, matusi na nguo za kung'ara. Clark alikuwa msomi, mtu wa kanisa, mkimya, mwenye kuhesabu. Hawakupendana hata siku moja, na mmoja bila ya mwenzake asingalifika popote.

Wale wa kwanza walioushika mkono wa Singer hawakubaki. Phelps alitolewa mapema. Zieber, yule aliyetoa dola 40 na kuketi naye juu ya mbao usiku ule, aliugua mwishoni mwa mwaka 1851. Singer akaenda kitandani kwake akamwambia kwamba daktari anaona hatapona, afadhali auze sehemu yake aiachie familia yake kitu. Zieber akauza kwa dola 6,000. Kisha akapona, na daktari hakuwa amesema neno kama hilo. Sehemu ile baadaye ingalikuwa na thamani ya mamilioni. Mimi nikisoma maisha ya Singer, hapa ndipo ninapouinamisha uso. Mtu aweza kuushinda uzi na chuma, na akashindwa na nafsi yake.

Dola tano mkononi

Sasa tumefika mahali panaponihusu. Cherahani ile iliuzwa kwa dola 100 na zaidi, wakati familia ya kawaida ya Kimarekani ilipata kama dola 500 kwa mwaka mzima. Nani angeweza kuinunua? Singer alifanya alichokijua: aliipeleka kwenye maonyesho, akaisimamisha kama iliyo jukwaani, akaimba na kuhutubia watu wakajaa. Kampuni ikafungua maduka ya fahari New York, na ndani yake wakawekwa wanawake wakishona mbele ya wapita njia, kwa sababu kulikuwa na watu waliodai kwamba mwanamke hawezi kuendesha mashine. Wakuu wa makanisa waliuziwa nusu bei, wake zao wapate kuwavuta wengine. Hata hivyo mwaka 1853 ziliuzwa cherahani 810 tu.

Mwaka 1856 Clark akatoa fikira yake. Mnunuzi atoe arbuni ya dola 5, aichukue cherahani nyumbani, kisha alipe kiasi kidogo kila mwezi mpaka bei itimie. Cherahani yenyewe itamfanyia kazi ya kuilipia. Lakini katika karatasi kulikuwa na sharti: mpaka malipo ya mwisho, cherahani ni ya kampuni, na mnunuzi ni kama mpangaji. Akikosa, inarudi. Mwaka ule mauzo yakafika 2,564, na mwaka 1860 yakawa kama 13,000. Biashara ya kuuza vyombo kwa malipo ya kidogo kidogo, ya redio, ya baiskeli, ya makochi, ikaenea dunia nzima kwa mfano huo.

Ikatufikia hata sisi. Marehemu babangu alikuwa kibarua wa bandarini, naye alimnunulia mama cherahani ya miguu kwa njia hiyo, katika duka moja lililouza kila namna ya bidhaa. Duka hilo halikuwa la kampuni ya Singer, na jina lake sina haja ya kulitaja. Mkataba ulikuwa wa miezi 20. Baba alilipa miezi 17 bila ya kukosa, kisha akafariki. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki wala hakutani na watu wa nje, walipokuja wanaume wawili na mkokoteni. Mjomba aliwasihi wangoje eda iishe. Wakamwonyesha karatasi yenye dole gumba la baba. Nakumbuka mlio wa magurudumu ya chuma yakiburutwa juu ya sakafu, na mama nyuma ya pazia akilia bila ya sauti. Miezi 17 ya jasho la baba ilipanda juu ya mkokoteni ule.

Sisemi kwamba kuuza kwa malipo ya muda ni haramu. Masheikh wetu wametufundisha kwamba mauzo ya bei iliyokubaliwa, ikalipwa kwa muda, yana nafasi yake, na mambo ya masharti yake nawaachia wao wenye elimu. Lakini dini iyo hiyo yatufundisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Karatasi ya Clark haikuwa na mstari wa kungoja. Kwa miaka mingi nililichukia jina la Singer kwa ajili hiyo, kumbe Singer alitengeneza chombo, na mtego uliomnasa mama ulitoka kwenye kalamu ya wakili.

Wake na watoto

Singer naye hakuwa malaika, na nikiacha kusema habari za nyumbani kwake nitakuwa nimewaficha wasomaji. Alioa mke wa kwanza, Catherine Haley, mwaka 1830, akamwacha na watoto wawili. Kisha akaishi na Mary Ann Sponsler kama mkewe kwa zaidi ya miaka 20, akazaa naye watoto kumi, bila ya kumwoa. Mama huyu ndiye aliyekula naye njaa barabarani na jukwaani. Mwaka 1860 Mary Ann alimwona barabarani New York akiendesha gari la farasi na mwanamke mwingine. Ugomvi ukazuka, mambo yakafika mahakamani, na hapo ikajulikana kwamba mwanamke huyo naye ana watoto watano wa Singer, na kwamba yuko mwingine tena mwenye mtoto. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na jina tofauti ambalo Singer alilitumia kwake.

Sisi ambao sheria yetu yaruhusu wake zaidi ya mmoja hatushangazwi na idadi. Tunashangazwa na maficho. Ndoa kwetu ina mashahidi, ina mahari, na kila mke ana haki yake inayojulikana. Singer aliyachukua mambo yote isipokuwa wajibu, na waliolipa ni wanawake wale na watoto wao.

Baada ya aibu hiyo alikimbilia Ulaya. Mwaka 1863 alimwoa Isabella Boyer, Mfaransa aliyekuwa kijana sana kuliko yeye, wakazaa watoto sita, na jumla ya watoto wake ikawa 24. Clark hakuvumilia zaidi. Mwaka huohuo ushirika wao ulivunjwa, ikaundwa kampuni ya hisa, na wakakubaliana kwamba hakuna kati yao atakayekuwa mwenyekiti maadamu mwenzake yu hai. Singer akaishi Paris, kisha vita vya mwaka 1870 vikamsukuma Uingereza. Huko Paignton, kwenye pwani ya kusini, akajijengea kasri kubwa, ndani yake akaweka ukumbi wa maigizo. Mchezaji yule wa barabarani hakuwahi kumtoka.

Alifariki tarehe 23 Julai 1875, akazikwa Torquay, akaacha mali ipatayo dola milioni 13. Kesi ya mirathi ilifuata mara moja, wake wakigombea nani alikuwa mjane wa halali, na mahakama ikampa Isabella. Clark ndipo alipochukua uenyekiti, mwaka 1876.

Kutoka Scotland hadi barazani

Kampuni haikufa na mwenyewe. Mwaka 1867 ilifungua karakana Glasgow, na mwaka 1885 ikamaliza kiwanda kikubwa mno huko Clydebank, Scotland, chenye mnara wa saa na stesheni yake ya gari moshi. Kiwanda hicho kilitengeneza mamilioni ya cherahani kabla ya kufungwa mwaka 1980. Nyingine zilipambwa kwa picha ya Abulhol wa Misri. Zikapakiwa melini zikaenda kila pwani, na watu wa kila pwani wakazipa jina lao. Sisi tulisema cherahani, neno linalohusishwa na lile la Kiajemi la gurudumu. Hata Gandhi, aliyezipiga vita mashine na kuwahimiza watu wake kusokota uzi kwa mkono, aliitoa cherahani ya Singer katika lawama yake, akaihesabu miongoni mwa vitu vichache vya manufaa vilivyobuniwa.

Na manufaa yake mimi niliyaona. Cherahani ya kwanza ilipochukuliwa, mama alirudia sindano ya mkono. Alishona kofia za viua, tundu kwa tundu, kwa taa ya mafuta, akiweka senti katika kopo la chai. Ilimchukua miaka mitatu. Kisha fundi mmoja mzee alifunga duka lake, mama akamnunua cherahani yake ya mkono, Singer nyeusi iliyochujuka dhahabu, kwa fedha taslimu. Hakuitia sahihi karatasi yoyote. Kwa cherahani ile alishona magauni ya wasichana, mito, mapazia na kanzu za watoto, na siku za kukaribia Idi tulilala na kuamka kwa sauti yake. Hakuhitaji kutoka nje kwenda kuomba kazi kwa mtu. Kazi ilimfuata ndani, naye na stara yake. Karo yangu ya shule ilitoka pale, na ya ndugu zangu wawili.

Jambo la mwisho ninalotaka kulisimulia lilitokea baadaye, wakati mama amekuwa mzee kidogo na mkono umepata wasaa. Alikuwa akisikia pana cherahani kuukuu inauzwa, huinunua, akaitia mafuta, kisha humpa mjane au msichana wa mtaani aliyejua kushona. Bei waliielewana mbele ya watu wawili, na malipo yakawa ya kidogo kidogo, kama desturi ile ya Clark. Ila hakuongeza senti juu yake, na mwenye kukosa mwezi mmoja alingojewa wa pili. Nilihesabu cherahani tano alizozitoa hivyo. Nne zililipwa zote. Ya tano haikulipwa nusu, kwa kuwa mwenyewe aliuguliwa na mtoto, na nilipomuuliza mama kwa nini haendi kuichukua, alinitazama kwa muda, akarudi kushona.

Mama hakujua kusoma, wala hakupata kusikia habari za Edward Clark. Lakini alikuwa amekaa nyuma ya pazia siku ile, na alijua karatasi ilikosa nini.

Cherahani yake iko kwa binti yangu sasa. Kijidau bado kinakwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka, kama Singer alivyosema mwaka 1850. Kwa hilo namshukuru, na kwa mengine namwachia Mola wake.